Goti Langu Latafutiwa Shahidi

Jamani, mimi nilidhani ukiumia kazini, kazi ni kuumia. Kumbe kuumia ndiyo sehemu rahisi, hata mtoto anaiweza. Kazi ni kuthibitisha.

Mimi ni dereva wa kupeleka vifurushi milangoni kwa watu. Hilo neno "dereva" ndilo lililoniponza. Afisa wa bima aliniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mtu anayeshinda amekaa, anaumiaje goti?" Amekaa! Kile kiti nakijua kwa sura tu. Kwa siku nashuka mara mia na ushei, na kupanda mara mia na ushei, maana aliyeshuka sharti apande. Wala sishuki kama bwana harusi. Naruka, mguu ni uleule wa upande wa mlango, boksi mkononi, macho kwenye simu ya kazi inayonihesabia dakika.

Halafu kuna ngazi. Watu wanaagiza vyuma vya kunyanyua ili wapate mazoezi, na wote wanaishi ghorofa ya juu kabisa. Mazoezi nayapata mimi.

Siku yenyewe niko ghorofa ya nne, boksi la vyuma kifuani, nikakata kona ya ngazi. Mwili ukakata kona. Goti likabaki linatazama tulikotoka. Nikasikia "kwach!" Nikakaa pale ngazini nimepakata lile boksi kama nalibembeleza lilale.

"Nani alikuona?" bosi akauliza. Nafanya kazi peke yangu, mkuu. Aliyekuwepo ni boksi, nalo nililikabidhi kwa mwenyewe, akasaini.

Kosa langu, nakiri, lilikuwa kwa daktari wa kwanza. Aliuliza naumwa nini, nikasema goti. Akaandika "maumivu ya goti", basi. Sikutaja ngazi, sikutaja mzigo, nilijiona muungwana kwa kutomchosha. Wiki tatu baadaye bima wananipungia ile karatasi: "Hapa hapajaandikwa kazini." Hapakuandikwa disko pia, lakini hilo hawakuliona. Siku hizi daktari akinisalimia tu, namtajia ghorofa, saa, uzito wa boksi na rangi ya mlango.

Wakanipiga eksirei. Mifupa mizima, wakaniangalia kama mwizi. Lakini eksirei inaona mifupa, na kilichoumia ni gegedu, kile kijitakia kinachokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Mpaka kipimo cha MRI ndipo ikaonekana kimechanika. Nilishangilia! Mhudumu alidhani nimepona.

Furaha haikufika hata getini. "Huo ni uchakavu," wakasema. Sawa, uchakavu wa wapi? Gari lao likichakaa kwa kubeba mizigo linanunuliwa springi mpya na kuandikwa gharama za kazi. Mimi nikichakaa kwa mizigo ileile, ni umri wangu. Wakaniuliza kama nacheza mpira. Nikawaambia mara ya mwisho kugusa mpira nilikuwa naupeleka, ukiwa ndani ya boksi.

Daktari bingwa wa mifupa ndiye aliyenifumbua macho. Sehemu nyingi, alisema, hata kama goti lilikuwa na ubovu wake wa zamani, kazi ikiuzidisha huo ubovu, fidia inaweza kudaiwa. Ila daktari aandike sababu na namna ilivyotokea, na iwepo taarifa uliyotoa mapema kwa mwajiri. Ya kwanza akaniandikia hapohapo. Ya pili sina. Nilimwambia bosi kwa mdomo, na mdomo haupigwi muhuri.

Nikaikumbuka simu ya kazi. Hii simu inajua nilisimama wapi na kwa dakika ngapi, na nikichelewa inanisemea kabla sijafika. Nikaomba kumbukumbu zake za siku ile. Nikajibiwa ni siri ya kampuni. Siri! Nikiwa mshtakiwa ni ushahidi, nikiwa mlalamikaji ni siri.

Mke wangu ndiye aliyeuliza, "Siku ile si ndiyo walikupa barua ya onyo?"

Nikapekua droo nzima. Hii hapa: tarehe, saa, jina la jengo, "dereva alikaa ngazini dakika 23 bila sababu ya msingi." Imeambatanishwa na maelezo yangu ya siku ileile, kwa mwandiko wangu mbaya: nimechelewa kwa kuwa goti limeteguka nikiwa na mzigo. Chini bosi ameandika "haijaridhisha", akasaini, akapiga muhuri. Muhuri umekolea, Mungu ambariki.

Nikapeleka nakala bima. Jana bosi kapiga simu, sauti ya asali, ananiita ndugu yangu. Eti wamekaa kikao, wameona ile barua ya onyo ilikuwa kali mno, wanaifuta, niirudishe tu.

Nikamwambia hapana, mkuu. Nilichelewa kweli. Niacheni niadhibiwe.