Sesheni ya AI ya kuandika kodi za programu: uiage vizuri au ufunge tu laptop?

Kuna ubishi mimi na jamaa ninayefanya naye kazi hatujaumaliza mpaka leo. Yeye akimaliza shughuli na msaidizi wa AI wa kuandika kodi kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri) anapiga Ctrl+C mara mbili, anafunga laptop, huyooo. Mimi nilikuwa na ibada kabisa, namwambia msaidizi andika muhtasari wa tulichofanya, orodhesha yaliyobaki, sasisha faili la maelezo, piga komiti (yaani hifadhi mabadiliko kwenye git, programu inayotunza historia ya kodi), ndo natoka, na hiyo ibada ilikuwa inakula kama robo saa na tokeni (vipande vya maneno ambavyo AI inakuhesabia) za kutosha tu.

Hoja yake ina nguvu kuliko nilivyotaka kukubali. Zana za siku hizi hazisahau ukitoka. Claude Code, msaidizi wa aina hiyo kutoka Anthropic, inatunza mazungumzo kwenye diski, kesho unaandika `claude --continue` unarudi pale pale, au `--resume` unachagua sesheni ya zamani unayoitaka. Aider, msaidizi mwingine, nayo kwa kawaida inapiga komiti yenyewe kila ikibadilisha mafaili, kwa hiyo hata umeme ukikatika, ruta ikazima na msaidizi akakwama njiani, yaliyokwisha kuandikwa yapo. Sasa wa kuagana na mashine robo saa nzima ni nani, anauliza, na mimi sikuwa na jibu la maana.

Jibu nilikuja kulipata kwa machungu. Siku moja nilitoka haraka nikaacha seva ya Node (programu inayoendesha JavaScript) inakimbia kwa nyuma kwenye poti 3000 (namba ya mlango wa seva), ile ya kawaida isiyojisomea upya kodi ikibadilika. Kesho yake sesheni mpya, namwambia msaidizi washa seva, anakutana na EADDRINUSE, yaani kosa la kwamba poti tayari ina mtu, na badala ya kuuliza nani kakalia poti akahamia zake 3001, kaandika kamstari kamoja tu huko katikati ya maelezo marefu ambako sikusoma. Mimi brauza yangu iko 3000 naangalia kodi ya jana, nabadilisha, nabonyeza rifreshi, hakuna kitu, nabadilisha tena, karibu saa nzima jamani, hadi nikaanza kumtukana msaidizi ambaye kwa kweli alikuwa amefanya kazi yake.

Kwa hiyo mazungumzo kutunzwa siyo kazi kutunzwa. Ukifunga dirisha la terminali, mchakato uliojitenga na terminali unaweza kubaki hai. Na ukikimbilia `kill -9`, amri ya kuua programu kwa nguvu, ndo balaa lingine, ile haimpi programu nafasi ya kufunga milango, ikiikuta git katikati ya komiti inaweza kuacha faili la kufuli, `.git/index.lock`, na komiti ya kesho inagoma. Tuma ishara namba 15 kwanza, yaani `kill` ya kawaida, 9 iwe ya mwisho.

Ila na ibada yangu nayo ilikuwa na uongo ndani yake, hapa jamaa alinipata. Muhtasari msaidizi anauandika mwishoni, sesheni imeshakuwa ndefu, ya mwanzoni labda yameshabanwa ili yatoshe kwenye kumbukumbu yake, anaandika anachoamini kimetokea. Nimeshakuta "testi zote zimepita" kumbe aliendesha faili moja. Kwenye chati hilo ni kosa dogo, lakini ukiliweka kwenye CLAUDE.md, faili la maelezo la Claude Code, linasomwa kila sesheni inapoanza, na msaidizi wa kesho analichukua kama ukweli, halafu anajenga juu yake. Bora kusingekuwa na muhtasari kabisa.

Na usimwambie "safisha kila kitu" ukaenda kunywa chai. Kusafisha kwake kunaweza kuwa `git clean -fdx`, inayofuta hata `.env` (faili la nywila na mipangilio) uliyoificha kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git haiyafuatilii, au `pkill node` inayoua seva zako za miradi mingine.

Hiyo ya `--continue` nayo siipendi kama jamaa anavyoipenda. Unaporudi kwenye mazungumzo ya jana unabeba pia majaribio yote yaliyofeli, njia tulizoziacha, mafaili yaliyosomwa ambayo leo yameshabadilika. Kwa kazi ya kuendelea baada ya chakula cha mchana sawa, ila kwa Jumatatu baada ya wikiendi naanza upya.

Nilipofikia ni hapa: git inajua nini kimebadilika, sina haja ya kumlipa mtu tokeni aniandikie hadithi yake. Nasoma `git diff`, yaani mabadiliko mstari kwa mstari, kwa macho yangu, napiga komiti ya "WIP", yaani kazi haijaisha, kwenye branchi, tawi la pembeni la kodi (mtakaolalamika historia inachafuka, si mnaibana kabla ya kuunganisha), `lsof -i :3000` kuona nani kabaki kwenye poti. Kisha naandika mwenyewe, kwa mkono, kile ambacho git haikibebi, yaani tulichojaribu kikagoma na sababu yake, mfano huu wa kashe (data ya muda) na Redis (hifadhidata ya kwenye kumbukumbu): "Kuhamisha kashe kwenda Redis kumegoma, testi za malipo zinategemea mpangilio wa zamani." Mstari huo mmoja umeniokoa mara nyingi kuliko kurasa zote za muhtasari, maana bila huo msaidizi mpya anakupendekezea Redis asubuhi na mapema kwa furaha zote.

Dakika 3, nne zikizidi. Jamaa bado anasema ni ibada tu imepunguzwa rakaa, lakini juzi nimemwona na yeye anapiga `lsof` kabla ya kufunga laptop, nikanyamaza.