Mbiti hakutukimbia

Jumapili baada ya ibada tumesimama nje tunapiga stori, jina la Profesa John Mbiti, yule mwanateolojia wetu Mkamba, likatajwa, na kijana mmoja akasema eti huyo si yule kasisi aliyetukimbia akaenda kula maisha Uswisi. Nilikasirika hadi nikashindwa kujibu vizuri, kwa hiyo najibu hapa.

Mtoto wa Mulango, Kitui, alizaliwa 1931. Akasoma shule ya Alliance, chuo cha Makerere, Marekani, akachukua PhD Cambridge 1963. Halafu akarudi, jamani, akafundisha Makerere miaka kumi! Na 1969 akatoa African Religions and Philosophy, wakati dini za babu zetu zilikuwa bado zinaitwa ushenzi. Alipofika kwa habari ya wakati hakuhangaika na Kiingereza, alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akayaacha hivyo hivyo katikati ya kitabu cha Kiingereza. Aliyekufa, alisema, bado yuko kwenye Sasa maadamu kuna mtu anamkumbuka kwa jina.

Haya, nakubali, aliposema Mwafrika wa jadi hana wazo la wakati ujao wa mbali alikosea. Nyanya yangu alipanda miembe akijua kabisa hatakula matunda yake. Wasomi wenzake walimpinga na walikuwa na haki.

1974 akaenda kuongoza taasisi ya makanisa kule Bossey, Uswisi, baadaye akawa mchungaji wa Burgdorf, mji mdogo tu, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern. Sasa hebu fikiria, Krapf alitoka Ujerumani akafika Mombasa 1844, akajifunza lugha zetu, akaandika kamusi ya Kiswahili, na sijawahi kusikia mtu akisema aliwakimbia Wajerumani. Tunamwita mmishonari. Lakini Mkamba akisimama mimbarani Burgdorf, akahubiria Waswisi kwa Kijerumani, akabatiza watoto wao na kuzika wazee wao, huyo ametoroka! Kwa nini Injili ikitoka kwao kuja kwetu ni wito, ikitoka kwetu kwenda kwao ni kutafuta mkate? Hili linaniuma kweli.

Na hakutusahau hata huko. Alikaa na Agano Jipya la Kigiriki, akalitafsiri lote kwa Kikamba, peke yake, bila kupitia Kiingereza, likatoka 2014 akiwa amepita miaka themanini. Mtu aliyewakimbia watu wake hakai uzeeni, ng'ambo, anatafuta neno la Kikamba litakalobeba neno moja la Paulo. Shangazi yangu husoma hilo Agano kwa sauti jioni, kidole kikifuata mstari, na akifika mahali pamemkaa vizuri anarudia mara mbili.

Mzee alifariki huko huko Burgdorf, Oktoba 2019. Yule kijana nimempigia simu jana, nimemwambia apite kwa shangazi jioni moja akae asikilize. Amesema atakuja Alhamisi.