Papa Kalisti na kalamu ya adui yake

Video ile fupi kuhusu Papa Kalisti wa karne ya tatu imezunguka tena hadi kwenye kundi la jumuiya yetu: "Papa aliyekuwa mtumwa, akala fedha za wajane." Watu wakacheka, mmoja akaandika kwamba Kanisa linaficha mengi. Nimekasirika. Kalisti alianza kusemwa vibaya miaka 1,800 iliyopita, hilo si geni. Kinachoniudhi ni kwamba aliyeitengeneza hakusema habari hizo kazitoa kwa nani.

Zimetoka kwa Hipoliti, padre msomi wa Roma, hasimu wake wa wazi. Kalisti alipochaguliwa kuwa askofu wa Roma mnamo mwaka 217, Hipoliti alikataa kumtambua, akajitenga na wafuasi wake. Kitabu cha Hipoliti cha kupinga uzushi, ambamo anasimulia habari za Kalisti, kilipotea karne kwa karne, mpaka nakala ikatolewa kwenye monasteri za Mlima Athos, Ugiriki, na kufikishwa Paris mwaka 1842. Kilipochapwa mwaka 1851 kilidhaniwa ni cha Origen, mwanateolojia wa zama hizohizo. Leo wataalamu wengi wanakubali mwandishi ni Hipoliti. Karibu yote tunayosimuliana kuhusu ujana wa Kalisti yanatoka katika kurasa hizo chache.

Kwa maelezo ya Hipoliti, Kalisti alikuwa mtumwa wa Mkristo aitwaye Carpophorus, ambaye alimpa fedha aendeshe benki. Wajane na waumini wakaweka amana zao, zikapotea zote. Akakimbilia bandari ya Portus, akapanda meli, na alipomwona bwana wake anamfuata akajitosa baharini. Wakamwopoa, wakamtia kwenye adhabu ya kusaga kinu. Baadaye akazusha fujo katika sinagogi siku ya Sabato, akachapwa viboko na kupelekwa machimboni katika kisiwa cha Sardinia.

Sawa, nakubali kwa shingo upande kwamba Hipoliti hakutunga kila kitu. Aliishi mji uleule, akaandika wakati watu waliomjua Kalisti wangali hai. Fedha zilipotea na wajane waliumia. Aliyewahi kuona kikoba kinavunjika mtaani, akina mama wamesimama mlangoni kwa mweka hazina, hawezi kulipuuza hilo. Lakini someni kitabu hichohicho mpaka mwisho wa kisa: waumini ndio waliomwombea atolewe kinuni, kwa kuwa alisema kuna watu wanaoshikilia fedha zake. Benki iliyoanguka na benki iliyoibwa ni mambo mawili, na Hipoliti hana haja ya kuyatenganisha.

Kutoka Sardinia aliokolewa na Marcia, suria wa Kaisari Commodus, aliyemwomba Papa Vikta, Mwafrika, majina ya Wakristo waliofungwa huko. Jina la Kalisti halikuwamo. Alilia na kusihi hadi akaachiliwa pamoja na wenzake. Hipoliti anasema Vikta hakufurahi, lakini ni Vikta huyohuyo aliyempeleka Antium, mji wa pwani kusini mwa Roma, na kumpa posho ya kila mwezi. Kisha Papa Zefirini akamwita Roma, akamkabidhi makaburi ya barabara ya Via Appia, yale katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) yanayobeba jina lake hadi leo.

Sasa sikilizeni mashtaka yenyewe dhidi ya upapa wake, maana hapo ndipo Hipoliti anapojisaliti. Anashtaki kwamba Kalisti aliwapokea waliotenda dhambi za zinaa na kuwapa ondoleo. Kwamba alikumbusha mfano wa magugu yaliyoachwa kati ya ngano, na safina ya Nuhu iliyobeba mbwa, mbwamwitu na kunguru pamoja na wanyama safi. Kwamba aliwaruhusu wanawake wa tabaka la juu kuishi kindoa na watumwa, ndoa ambazo sheria ya Roma haikuzitambua. Hayo ndiyo makosa! Mtu aliyesaga kinu na kuchimba madini kwa minyororo alipewa Kanisa mkononi, akafungua mlango kwa wakosefu, na akakataa kwamba mtumwa hafai kuwa mume. Mimi nayasoma mashtaka hayo kama sifa. Na nadhani uchungu wa Hipoliti ulianzia hapo, kwa kuona mtumwa wa zamani amekaa katika kiti ambacho yeye, pamoja na usomi wake wote, hakukipata. Ugomvi wao kuhusu Utatu una uzito wake, ila hata huko Kalisti alimtenga Sabelius, aliyefundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni nafsi moja tu, na bado Hipoliti akamwita mzushi.

Kuhusu kifo chake, kuna kisa kwamba alitupwa kisimani, ila kiliandikwa baadaye mno, sikitegemei. Lakini orodha ya wafiadini ya mwaka 354 inamtaja tarehe 14 Oktoba, amezikwa kwenye barabara ya Via Aurelia, na kaburi hilo lilipatikana mwaka 1960. Kwetu Tanzania tarehe hiyo ni Siku ya Nyerere, ndiyo maana Kalisti hupita bila kutajwa hata parokiani.

Hipoliti naye hakuishia kitabuni. Mwaka 235, Kaisari Maximinus Thrax alimpeleka uhamishoni Sardinia, kisiwa kilekile, pamoja na Papa Ponsyano. Walifia huko. Kanisa la Roma, lile alilolilaumu kwa kusamehe upesi, likairudisha miili ya wote wawili, na linawaadhimisha pamoja kila 13 Agosti. Hilo nalo liwekwe kwenye video.