Tope la Wacken halikuwa uzembe wa mashabiki
Eti mashabiki waliokwama kwenye tamasha la muziki wa hevi meto (roki nzito) la Wacken 2023, kule kaskazini mwa Ujerumani, walizembea, wangecheki utabiri wa hali ya hewa wasingeenda, hapo sikubali kabisa. Mi nakaa Hamburg na nilienda, koti la mvua nilibeba, buti nilivaa, lakini mvua ilishapiga siku kadhaa kabla na shamba zima la tamasha lilikuwa uji, unakanyaga mguu unazama, ukivuta buti linabaki chini, magari yanavutwa na matrekta. Walitarajiwa watu 85,000, wakasimamisha kuingiza wakiwa kama 50,000 tu, wengine wametoka mbali na tiketi mkononi wakaambiwa warudi, inauma jamani. Tiketi zinaisha karibu mwaka mzima kabla, huo utabiri wangeuona wapi? Kuna mwingine humu alikuwepo?