Farasi Ana Pasipoti, Binamu Yangu Hana Kitambulisho

Asubuhi moja ya wiki iliyopita, nikirejea nyumbani kutoka zamu ya usiku hapa Newmarket, mji wa farasi wa mbio huku Uingereza, basi letu lilisimama karibu dakika kumi kuwapisha farasi. Walikuwa farasi wa mbio, mmoja nyuma ya mwenzake, wakivuka barabara kuelekea kwenye nyasi za mazoezi za Warren Hill, na madereva wakawangoja kwa adabu ambayo kwetu Lamu huwekewa jeneza linalopitishwa kwenda makaburini. Mimi nilikuwa na usingizi, na nilikasirika. Nilipofika nyumbani hasira haikuisha, na hapo ndipo nilipotambua kwamba zile dakika kumi zilikuwa kisingizio tu.

Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi yumo mzee aliyetunza farasi tangu ujana wake, na ndiye aliyenipa kitabu cha mnada kimoja ili nipate cha kusoma usiku. Kila farasi anayeuzwa ana ukurasa wake: baba, mama, babu na bibi wa pande zote mbili, na mbio walizoshinda ndugu wa mama yake. Isitoshe, sheria ya nchi hii inamtaka kila farasi awe na pasipoti, hata yule mdogo wa kupandwa na watoto. Sasa mfikirie binamu yangu, aliyezaliwa Lamu na wazazi waliozaliwa Lamu, ambaye alihangaika miaka mitatu kutafuta kitambulisho, na alipofikishwa mbele ya jopo la kuhakiki uraia katika ofisi moja akaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Wasomaji wa pwani hawahitaji kusimuliwa yaliyofuata.

Nawasikia tayari wanaosema kwamba nimekula mkate wa Wazungu na sasa nimerudi kuwatukana watu wangu kwa kuwalinganisha na wanyama. Nawaomba wanivumilie. Silinganishi watu na farasi. Nalinganisha daftari na daftari, na katika jambo hilo Waingereza nao wana ya kuficha.

Farasi hawa wa mbio, wanaosifiwa kwa damu safi, wote nasaba zao za upande wa baba zinafika kwa madume watatu tu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na asili ya Kiingereza. Wa kwanza alipandwa vitani na Kapteni Robert Byerley, akawa naye kwenye mapigano ya mto Boyne, huko Ireland, mwaka 1690. Wa pili alinunuliwa na mfanyabiashara Thomas Darley huko Aleppo, katika nchi ya Sham, akapelekwa kwa jamaa zake Yorkshire mwaka 1704. Wa tatu alipitia Ufaransa, akaishia mikononi mwa Lord Godolphin, akafa mwaka 1753 si mbali na hapa ninapoishi. Kila mmoja alipewa jina la bwana aliyemmiliki, na jina aliloitwa alikotoka halikuonekana kuwa na umuhimu. Majike ndio waliodharauliwa zaidi, kwani wengi wa hao bibi wa mwanzo wameandikwa bila jina lolote, pengine kwa rangi yao au kwa nchi waliyodhaniwa wametoka.

Kitabu chenyewe cha nasaba, General Stud Book, kilianza kutolewa mwaka 1791, wakati Eclipse, yule farasi ambaye hakuwahi kushindwa mbio hata moja, alikuwa amekwisha kufa miaka miwili kabla, na mbio kubwa ya Derby ilikuwa imekimbiwa Epsom tangu mwaka 1780. Maana yake ni kwamba James Weatherby, aliyekitayarisha, alilazimika kurudi nyuma, akakusanya orodha za mbio za zamani, karatasi za mauzo na kumbukumbu za wafugaji, kisha akaviunganisha. Hakumwambia mtu alete cheti cha farasi aliyekufa miaka 80 iliyopita. Alichukua kilichokuwapo, na kilichokuwapo kikawa ndicho cheti.

Ubabe ulikuja baadaye. Mwaka 1913, walipoona farasi wa Kimarekani wanaletwa kwa wingi, wakubwa wa mbio walipitisha kanuni iliyojulikana kwa jina la Lord Jersey, kwamba asiingizwe kitabuni farasi ambaye nasaba yake haiwezi kufuatwa, bila pengo, hadi kwa wale waliokwisha kuandikwa. Wamarekani wengi walikuwa na mapengo, na baadhi ya karatasi zao zilipotea katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata Derby ikachukuliwa na Durbar, mwenye damu hiyohiyo ya Kimarekani. Alishinda, akabaki chotara.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu usiku wa manane, kwa sababu aliyesaidia kuivunja kanuni hiyo alikuwa wa uzao wa Durbar, na jina lake, msinione mwongo, ni My Babu. Jina hilo halina uhusiano na babu zetu. Alikuwa mali ya Maharaja wa Baroda, Mhindi. Lakini farasi huyo alishinda mbio ya 2000 Guineas hapahapa Newmarket mwaka 1948, na mwaka huohuo Black Tarquin, aliyekuwa na dosari kama yake, akashinda mbio ya St Leger, na ilipofika 1949 wakubwa walikubali kuilegeza kanuni. Iliwachukua miaka 36 kukiri kwamba pengo katika karatasi si pengo katika damu.

Mtasema kwamba siku hizi mambo yamelegezwa kwetu pia. Huenda ni kweli, na nitafurahi. Lakini binamu yangu hakurudishiwa ile miaka mitatu, wala kazi ya melini iliyompita. Na tusiwatupie lawama watu wa ofisini peke yao. Sisi ambao masharifu wetu wanahifadhi silsila zao karne kwa karne, na ambao hatuozi binti bila kuuliza mchumba ni mtoto wa nani, tumewaacha watoto wangapi bila kuwaandikisha kwa kuwa safari ya ofisini inatupotezea siku? Jambo hili linanichoma zaidi nikiwa mbali, na anayetaka kuliita kiburi na aliite.

Jumapili nilichukua ukurasa mtupu wa mwisho wa kile kitabu cha mnada, nikachora mistari kama ya farasi, nikampigia simu shangazi yangu ili tujaze. Upande wa wanaume alinitajia vizazi saba pasipo kusita, pamoja na mitaa waliyokaa na majahazi waliyosafiria. Nilipomuuliza mama yake bibi yetu aliitwa nani, alinyamaza, nikasikia akimuuliza mtu mwingine aliyekuwa naye barazani, kisha akarudi na kuniambia niandike tu kwamba alikuwa mwanamke wa Siyu.