Kidonge cha maji na safari ya daladala

Mama yangu aliacha dawa ya moyo kwa sababu ya choo. Ilituchukua miezi kulijua hilo, maana kila akiulizwa alijibu, "Nimemeza, mwanangu."

Mwanzoni tulimwona akiongeza mito kitandani: wa pili, wa tatu, mwishowe analala ameketi kwenye kochi. Jioni viatu vinambana. Tukasema uzee. Hospitali wakasema moyo umepanuka, umeshindwa kufanya kazi. Neno hilo "umeshindwa" silipendi. Mtu akilisikia anaanza kuaga watu. Kumbe moyo unadunda, ila hausukumi damu inavyotakiwa, basi maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Akilala chali pumzi inambana, ndiyo maana ya ile mito. Chanzo kwake kilikuwa presha ya miaka mingi, ambayo dawa yake alimeza siku kichwa kikiuma tu. Na wala si ugonjwa wa vikongwe: utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na presha ndiyo iliyoongoza.

Sasa huyu Lasix, kidonge chenyewe cha kutoa maji mwilini. Ukimeza asubuhi, haipiti saa moja unaanza kwenda haja ndogo, na unarudi, na unarudi tena. Mpandishe mtu huyo daladala ya Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, foleni imesimama, na yeye ni mama mtu mzima mwenye haya zake. Siku ya msiba hamezi. Siku ya harusi hamezi. Siku ya kliniki yenyewe hamezi! Halafu daktari anamkuta kavimba, anamgombeza mbele za watu kwamba ni mkaidi.

Muuguzi mmoja ndiye aliyemuuliza, tena kwa sauti ya chini: "Mama, siku ukiwa na safari unafanyaje?" Yakatoka yote. Kliniki wakamruhusu siku hizo ameze akirudi, mradi isiwe usiku. Tukanunua mizani, kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 tunapiga simu, hatungoji miguu ijae. Diklofenaki, dawa yake ya maumivu ya magoti, tumeiondoa, maana inazuia maji kutoka. Kopo la chumvi nalo halikai tena mezani.

Ng'onda tu, yule samaki mkavu wa chumvi, ndiyo tunagombania mpaka leo.