Kadi moja, ukoo mzima getini

Hivi nani alikaa ofisini akapanga mgonjwa mmoja aonwe na mtu mmoja halafu akaamini sisi tutaelewa? Mi sikatai, korona ipo, ilivyotangazwa tu ile kesi ya kwanza Arusha tarehe 16 Machi 2020 nikawahi ndoo ya koki, kesho yake shule zikafungwa, watoto wakarudi wakaimaliza koki kwa kuichezea basi tukarudia kunawa kwa kopo. Sawa. Daladala zikawa level siti, konda kanuna njia nzima, sawa. Malimao yakapanda bei mpaka ukikata moja unaita mashahidi. Nikavumilia.

Ila mama mkwe naye kachagua Aprili hiyo hiyo kuvunjika nyonga.

Hospitali wamebandika karatasi getini: mgonjwa mmoja, ndugu mmoja, kadi moja, jioni tu, barakoa lazima. Na sheria ina akili jamani tusiwe wabishi, mama wa miaka 70 na kitu kitandani ndo hasa huu ugonjwa unamtafuta. Lakini tulizoea asubuhi unapeleka uji, mchana wali, jioni umbea. Na usipoonekana hospitali, mgonjwa akipona ana orodha yake kichwani, utaikuta kwenye kila harusi mpaka unaingia kaburini.

Kwa hiyo wamekuja wote. Baba mdogo kapanda basi toka Moshi, shangazi na hotpoti la mtori, mashemeji, kina mama wa kwaya, mpaka fundi aliyemjengea choo. Wote wanajua anaingia mmoja! Hawajaja kuona mgonjwa, wamekuja waonekane kwamba walizuiwa.

Mlinzi ana kale kabastola ka kupima joto. Kanielekezea kwenye paji la uso, inasoma 33. Nikamuuliza mdogo wangu, kwa 33 hiyo mochwari ni upande gani, wala hakucheka, kaniangalia tu. Shangazi aliyetembea juani toka kituoni ikasoma 38, kawekwa pembeni apoe. Mtori wake ukapita! Hotpoti limeshikwa na kila mkono toka Kimara, hakuna aliyelipima wala kulinawisha.

Sasa hao walioambiwa wasijazane wodini wamejazana wapi? Benchi moja, chini ya mwarobaini mmoja, magoti yamegusana, tunagombania nani aingie. Baba mdogo kafungua kikao kwa sala, sala ndefu, halafu ndo ugomvi. Nikamfuata mlinzi, nikamwambia kijana, huu ugonjwa si unatembea na mate? Wodini tungenong'ona tu, hapa nje watu wanapigiana kelele usoni, mate yanaruka hatari. Akanijibu mzee, mi nalinda geti, benchi silindi.

Mama watoto akaingia na kadi. Katoka, nashangaa kaivua barakoa yake ya kitenge kampa dada yake, na kadi juu. Shemeji kavaa, bado ya moto, huyooo kaingia. Katoka, kamvika mama wa kwaya. Mlinzi atamjuaje nani kaingia na nani bado wakati sura zote zimefunikwa? Anaona kitenge anasema pita. Yaani kitu tulichopewa kuzuia maambukizi ndo kikawa tiketi, ukoo mzima umepumulia kitambaa kimoja na kila mtu akifika kule anainama kumbusu mgonjwa shavuni! Nikasema hapana, mi nitavaa yangu niliyonunua na hela yangu, bado iko kwenye nailoni.

Zamu yangu ikafika saa kumi na mbili kasoro. Baba mdogo kaingia, fundi choo kaingia, nasogea na kadi mkononi na barakoa mpya, mlinzi akanishika bega. "We si ndo yule mzee wa 33? Huyu nimemkariri kwa kitambi. Na kadi hii ya watu wa kitenge, umeitoa wapi? Muda wenyewe umeisha, njoo kesho."

Mtu pekee aliyefuata masharti!

Tuko kwenye daladala tunarudi, level siti, mama watoto kapigiwa na mama yake kwa video. Kashukuru wote mmoja mmoja, mpaka fundi kataja jina lake kamili. Halafu akauliza kwa upole ule wa wakwe, "Na Baba Neema naye, kazi zimembana eeh?"